Kikapu cha Mikono Miwili

Ndugu zangu wa jumuiya, akina mama wa maombi, akina baba wa kamati, nanyi vijana mnaopenda kukaa karibu na mlango ili mtoke upesi: haya ninayowasimulia yalitokea katika nyumba ninamolala. Niliomba ruhusa kwanza. Mkwe wangu akanijibu, "Mama, sema yote. Ukiacha kipande, watu watakijaza wenyewe."

Basi nitasema yote.

Mkwe wangu ni fundi wa makochi. Karakana yake ni chumba chetu cha mbele, mlango unatazama barabara. Ukiingia utaona sponji zimeegeshwa ukutani, marobota ya vitambaa, na viti vimelala chali, miguu juu, kama mbuzi walioshiba. Akifanya kazi hujaza vimisumari mdomoni, akavitoa kimoja kimoja kwa ncha ya ulimi na kuvipokea kwa nyundo yake ya sumaku. Mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kusema, kwa hiyo yeye huvumisha nyimbo za kanisani puani.

"Baba ni nyuki," mjukuu wangu Kadogo alikuwa akisema, huku akiokota vipande vya sponji na kuwakatia wanasesere wake magodoro.

Binti yangu alikuwa akicheka kutoka jikoni. Mimi nilikuwa nikikaa kwenye kigoda changu, nikisikia nyundo na ule uvumi wa puani, nikamshukuru Mungu kwa uzee wenye kelele nzuri.

Sasa, mkwe wangu alikuwa pia mhazini wa kanisa letu. Na hapa sharti niwaeleze kikapu.

Kikapu chetu cha sadaka ni kipana kama beseni la kuogeshea mtoto. Waliotutangulia walikiagiza hivyo kwa makusudi. Kina mkono mmoja kulia kabisa na mwingine kushoto kabisa, hata mtu mmoja hawezi kukibeba kwa heshima. Akilazimisha, itambidi akikumbatie. Wazee wale walitaka fedha ya Mungu isitembee na mtu mmoja. Kila mhazini alipewa mwenzake, na mwenzake huyo tunamwita Mkono wa Pili. Wanabeba wawili, wanahesabu wawili, kisha wawili hao hao wanapeleka nyumbani kwa Mchungaji kufungia kwenye sanduku la chuma, siku ile ile.

Mkono wa Pili wetu alikuwa mama mmoja mshonaji, mcheshi, mwenye cherehani kando ya soko. Wiki ile alikuwa ameshona sare za shule mpaka vidole vimevimba. Jumapili ibada ilipokwisha, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Mhazini, nina usingizi wa wiki nzima hapa machoni. Leo utaweza peke yako?"

"Hiki si ng'ombe, dada. Nenda kalale."

"Mungu akubariki. Nikifa usingizini, nguo za watu ziko juu ya kabati."

Watu wakacheka. Mkwe wangu akakikumbatia kikapu kifuani kama bwana harusi, na kina mama wakamsifu njiani: tazama mtu wa Mungu asiyechoka. Nami nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Ndugu zangu, katika hadithi hii hakuna mtu mwovu. Ndiyo maana mimi naiogopa.

Siku hiyo haikuwa sadaka ya kawaida. Lilikuwa changizo la paa. Mnakumbuka jinsi paa letu lilivyokuwa likivuja mpaka Mchungaji akahubiri akiwa amesogea pembeni. Watu walitoa walichonacho, na wengine wasichonacho. Mjane mmoja alitoa fedha aliyoiweka akiba ya kununua miwani.

Lakini alasiri ile kulikuwa na mashindano ya drafti, ya vizibo vya soda, kati ya wanaume wa kanisa letu na wa kanisa la ng'ambo ya barabara kuu. Mkwe wangu kwa drafti ni simba. Wanamwita Mfalme wa Vizibo. Alipotazama saa aliona akienda kwa Mchungaji atachelewa. Akasema moyoni: nitazilaza nyumbani, kesho asubuhi moja kwa moja benki. Akazihesabu peke yake, akazifunga kwenye mfuko mweusi wa nailoni.

Kisha akaogopa wezi. Kabatini si salama, chini ya godoro kila mtu anajua. Pale karakana palikuwa na kiti cha mkono cha nesi mmoja, kimeshakwisha, kimebaki kitambaa cha chini tu. Nesi angekuja kukichukua katikati ya wiki. Mkwe wangu akausukuma ule mfuko katikati ya springi na sponji, akagongelea kitambaa cha chini, akakisimamisha kiti. Hakumwambia mkewe, hakuniambia mimi. Aliona midomo ya nyumbani ni mingi.

Akaenda kucheza.

Hakuwa amekula kizibo hata kimoja, nadhani, lori liliposimama mlangoni petu. Nesi akashuka mbio. Uhamisho wake, akasema, umekuja haraka. Lori la kumhamisha linaondoka sasa hivi.

"Mama Kadogo, kiti changu ndicho kile?"

"Ndicho. Nadhani kimekwisha, maana amekisimamisha."

"Nilishalipa chote."

"Najua, dada. Chukua. Na huu mto nakuongezea, ukamkumbuke fundi huko uendako."

Binti yangu ana mkono mwepesi wa kutoa. Akasaidia kukinyanyua mwenyewe. Kadogo akalipungia lori mpaka likakata kona.

Mkwe wangu alirudi jua likielekea kuzama, ameshinda, anavumisha wimbo. Akaingia chumba cha mbele. Wimbo ukakatika katikati ya neno.

"Kile kiti kiko wapi?"

"Mwenyewe amekuja," binti yangu akasema. "Amehamishwa. Kwani alikuwa hajalipa?"

"Amelipa."

"Sasa mbona umebadilika rangi?"

Alitoka nje na simu yake. Nilimwona kupitia dirisha akiiweka sikioni, akiishusha, akiiweka tena. Aliporudi alichota misumari mkono mzima akaijaza mdomoni, ingawa siku ya Jumapili hagusi nyundo.

Hapo ndipo hofu ilipohamia kwetu kama mpangaji.

Siku zilizofuata mkwe wangu alikaa na misumari mdomoni tangu asubuhi. Ukimuuliza chai, anatikisa kichwa. Ukimuuliza kulikoni, anaelekeza kidole mdomoni, kwamba hawezi kusema. Ule uvumi wa puani haukuwapo tena. Ilikuwa nyundo tupu. Mteja akibisha hodi, anashtuka anajigonga kidole. Simu ya nesi ilikuwa haipatikani asubuhi, haipatikani mchana, na kila ikikataa, mkwe wangu anazidi kujikunja kama jani kavu.

Jumanne Mchungaji alipita mwenyewe.

"Mhazini, wenye mabati wametupunguzia bei. Lakini ni mpaka Alhamisi tu. Zile fedha umeshapeleka benki?"

Mkwe wangu akatema misumari kiganjani polepole. Nilikuwa kwenye kigoda changu.

"Nimepeleka, Mchungaji."

"Vizuri. Basi nitumie stakabadhi."

"Nitaileta."

Uongo huo ulikuwa mdogo kama ule msumari aliokuwa nao kiganjani. Mchungaji akatushukuru, akamshika Kadogo kichwa, akaenda zake. Mkwe wangu akarudisha misumari mdomoni, na mmoja ukaanguka.

Jumatano binti yangu alinijia jikoni na uso usio na damu. Nyuma ya sponji ameona begi. Ndani yake mna nguo za mumewe, viatu, na cheti chake cha ufundi.

"Mama, mume wangu anataka kuniacha."

"Amekuambia?"

"Hasemi kitu. Hanitazami. Mama, ana mwanamke. Au ameua mtu."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Basi niseme nini? Nilale na nani ambaye simjui?"

Kadogo alikuwa mlangoni, na sisi hatukumwona. Akauliza, "Bibi, baba akimeza misumari yote atakufa?" Mtoto huyo alikuwa ameanza tena kulowesha kitanda, jambo aliloliacha zamani. Watu wazima hudhani siri imefungiwa kifuani mwao, kumbe inavuja, na anayelowa kwanza ni mtoto.

Alhamisi asubuhi nikachukua kigoda changu, nikakiweka mbele ya mkwe wangu, goti kwa goti. Kwetu mama mkwe hakai hivyo na mkwe wake. Siku hiyo nilikaa. Nikakunjua kiganja chini ya kidevu chake.

"Tema, mwanangu."

Akatikisa kichwa.

"Nimesema tema."

Akaitema. Ilikuwa na joto la mdomo wake. Na baada ya misumari yakatoka maneno: kikapu, drafti, mfuko mweusi, kiti. Akalia kama mtoto, ameziba uso kwa kitambaa cha kochi la mtu.

"Mama, sijaiba."

"Nasadiki."

"Unasadiki kwa nini?"

Swali hilo lilinikata.

"Kwa sababu nakupenda," nikamwambia. "Na hapo ndipo penye shida, baba. Kukupenda kwangu si ushahidi. Aliyekuona ukihesabu ni nani? Aliyekuona ukificha ni nani?"

Hakuwapo mtu.

Tulikuwa bado tumekaa hivyo simu ilipolia. Alikuwa nesi, anapiga kwa namba nyingine.

"Fundi, samahani, ile laini yangu huku haishiki kabisa. Nataka tu kukushukuru. Kiti kimempata baba yangu, hataki kutoka, hata chakula analetewa humo humo."

Mkwe wangu alisimama ghafla, vipande vya sponji vikamwagika. Akaomba aelekezwe nyumba. Alipokata simu, uso wake ulikuwa umepata damu, lakini macho yalikuwa yale yale ya kuogopa.

"Nakwenda sasa hivi. Nitasema kuna springi sikuifunga vizuri. Nitarudi kabla ya jioni, mabati yatalipwa, na hakuna atakayejua."

"Utakwenda na nani?"

"Peke yangu, Mama. Nani tena?"

"Ukikuta hazipo?"

"Zipo."

"Lori limepakuliwa na watu. Ukikuta hazipo, nani atasema ulizikosa, na hukuzila?"

"Zipo, Mama!"

"Na zikiwa zimepungua?"

Akakaa tena. Jasho lilikuwa likimtoka chini ya masikio. "Nikimwambia Mchungaji, nimekwisha," akasema kwa sauti ndogo. "Nilimwambia usoni kwamba nimepeleka. Jina langu limekwisha."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisikia tangu wapi. Mkononi alikuwa na lile begi.

"Kwenda kwa Mchungaji au kupanda gari na begi hili, chagua," akasema. "Lakini usipokwenda kusema wewe, nitakwenda mimi."

"Utaniumbua mumeo?"

"Nataka nibaki na mume. Huyu anayekula misumari simtaki."

Ndugu zangu, niliona mtu akiogopa vitu viwili, akakiendea kile alichokiogopa zaidi. Alinawa uso, akaenda kwa Mchungaji kwa miguu. Binti yangu alitembea kando yake, hakumshika mkono, lakini hakumwacha nyuma.

Mchungaji alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Uliniambia umepeleka benki."

"Nilidanganya."

"Nilikushukuru mbele ya mtoto wako."

"Ndiyo, Mchungaji."

Mchungaji akanywa maji, glasi nzima, polepole. Halafu akamtuma mtu kumwita Mkono wa Pili. Mshonaji yule alikuja na futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akasimuliwa, akakaa chini sakafuni.

"Mimi ndiye niliyekiachia kile kikapu," akasema. "Nililala siku hiyo mpaka magharibi. Nililala vizuri sana." Akaanza kulia, na katikati ya kilio akasema, "Sasa nitalala lini tena?"

"Twendeni," akasema Mchungaji. Tulikwenda kwa gari lake lile bovu la mlango mmoja usiofunguka: yeye, mkwe wangu, mshonaji, na mimi waliyenipitia nyumbani, kwa kuwa mkwe wangu aliomba niwepo. Njiani mshonaji alikuwa akiikunja futi yake na kuikunjua. Mimi nilijaribu kuomba, nikakuta kila sala inaanza na neno kama: kama zipo, kama hazipo. Tukifika na kiti kikawa kitupu, binti yangu atakuwa mke wa mwizi, na Kadogo mtoto wa mwizi, hata kama mimi nitaapa mpaka ulimi unikauke.

Nesi alitukaribisha kwa furaha, akatuletea maji kabla hajauliza shida. Baba yake, mzee asiyeona vizuri, alikuwa ameketi kwenye kiti chenyewe, kidevu juu, mfalme kamili.

"Siondoki," akasema aliposikia tunataka kukitazama. "Kiti hiki tumeshaelewana."

"Mzee wangu, ni kidogo tu," Mchungaji akamwambia.

"Hivyo ndivyo alivyosema daktari wa meno."

Hata katika hofu ile mshonaji alicheka, akaziba mdomo. Nesi akambembeleza baba yake, akamwinua. Mkwe wangu akakilaza kiti chali. Akatoa koleo mfukoni, kisha akafanya jambo ambalo mimi sitalisahau. Akampa mshonaji lile koleo, akarudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta, na mikono yake akaifumbata kifuani.

"Fungua wewe. Mimi sigusi."

Mshonaji akang'oa misumari, mmoja, mwingine. Kitambaa kikalegea. Akatia mkono. Tuliona kiwiko chake kikizunguka huku na huku.

"Sponji," akasema. "Sponji tupu."

Mkwe wangu, pale ukutani, akafumba macho. Nesi alikuwa amekwisha kuelewa kwamba hapa hapatafutwi springi. Alimshika baba yake bega, akatutazama mmoja mmoja, na nikaona naye ameanza kuogopa, maana kama kinachotafutwa hakimo, aliyekaa na kiti hicho ni yeye. Angalieni jinsi hofu inavyokwenda: ilianza kwa mtu mmoja aliyeficha, sasa imemfikia mwanamke aliyetupa maji.

"Ingiza mkono mpaka nyuma," Mchungaji akasema. "Lori linatikisa."

Mshonaji akalala kifudifudi, bega zima ndani ya kiti. Akatulia. Akavuta. Ukatoka mfuko mweusi, umechanika pembeni ulipokwaruzwa na springi.

Wakahesabu wawili, Mchungaji na mshonaji, kwenye mkeka, mlango wazi. Noti nyingine zilikuwa zimetobolewa na springi, lakini zilitimia hesabu aliyotutajia mkwe wangu. Mkwe wangu akateleza ukutani mpaka chini akakaa. Yule mzee akauliza, "Sasa naweza kukaa?"

Msidhani mambo yaliishia kwenye shangwe. Tuliporudi, duka la mabati lilikuwa limefungwa, na kesho yake bei ilikuwa imepanda. Fedha hazikutosha. Ndiyo maana mpaka leo kona ile wanakosomea watoto bado ina turubai. Kadogo anasomea chini ya turubai lile, na baba yake kila mvua ikinyesha huenda kulikaza kamba. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa akasema yote, na uhazini akavuliwa. Mshonaji naye akavuliwa. Wapo waliomsamehe mkwe wangu. Wapo ambao mpaka leo sadaka ikipita kwenye kiti chake humtazama vidole. Ni haki yao, anasema yeye.

Uvumi wa puani ulirudi nyumbani, lakini ulichukua muda. Ulianza kidogo, kama nyuki aliyepotea njia.

Nataka niwape tukio moja la mwisho. Mhazini mpya ni mwalimu wa kike, kijana, mwaminifu, mwenye nguvu. Jumapili yake ya kwanza, mwenzake alichelewa akisalimiana nje. Mwalimu hakutaka kupoteza wakati, akainama, akakikumbatia kikapu kifuani. Na kina mama, jamani, wakaanza kumsifu.

Mkwe wangu alikuwa kiti cha nyuma. Alisimama. Kanisa zima likageuka, naye alijua macho yale yanasema nini.

"Mwalimu," akasema, "tafadhali kiweke chini."

"Nina haraka kidogo, kaka."

"Mimi pia nilikuwa na haraka. Kiweke chini. Mwenzako anakuja."

Mwalimu akakiweka chini. Kikakaa pale sakafuni, mikono yake miwili imelegea, nasi sote tukakaa tukikingoja, watu na njaa zao za mchana, mpaka yule wa pili akaingia mbio, akashika upande wake.

Mafunzo

Wanangu, drafti haina kosa. Usingizi wa Jumapili hauna kosa. Mungu mwenyewe alipumzika. Kosa ni kuifanya kazi ya amana iharakishwe ili starehe isichelewe. Maliza kwanza kilicho cha wengi, kisha ucheze mpaka vizibo vilie.

La pili, kumkagua mtu si kumtukana. Tulidhani tunamheshimu mkwe wangu kwa kumwacha peke yake, kumbe tulimwacha bila shahidi. Mtu mwaminifu ndiye anayehitaji shahidi zaidi, maana mwizi ameshazoea kuishi bila jina.

La tatu, ukikosea, sema siku ile ile. Mficha ugonjwa kifo humuumbua, na kabla hakijamuumbua huwauguza wote walalao naye nyumba moja.

Na wewe uliyeketi leo ukimwona mwenzako amekumbatia mzigo wa wengi kifuani, usimpigie makofi. Inuka ushike mkono wa pili.